Baiskeli Nje ya Lami

Ukikwepa malori ya Barabara ya Kangundo kwa baiskeli, chagua njia vizuri. Hapa Njiru, kaa mbali na ukingo wa machimbo ya mawe. Mengi hayana ua. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hunata kwenye magurudumu hadi yakwame. Afadhali njia ya changarawe, nawe uitembee kwanza kwa miguu. Kofia ngumu, vaa.

Kando ya Mto Nairobi ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu maji yana uchafu wa vyoo. Ukichubuka huko, osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Pepopunda haihitaji jeraha kubwa, mwiba unatosha. Njoo kliniki siku hiyohiyo tuangalie chanjo yako, usingoje taya likaze.