Kipawa na Desturi Ndogo: Kukua kwa Mtumishi Katika Mafundisho ya Luther

Utangulizi

Kila mwaka vyuo vya theolojia hupokea wanafunzi wenye vipawa mbalimbali. Yuko mwenye sauti ya kuongoza liturgia, yuko mwenye akili ya kupambanua mafundisho, na yuko ambaye wagonjwa humfungulia moyo kabla hajawauliza neno. Lakini baada ya miaka michache ya utumishi, wengi wao hufanana kwa jambo moja: wamechoka. Mmoja amechoka kwa kujilazimisha kuhubiri kwa mtindo wa mhubiri mwingine. Mwenzake ameacha sala na usomaji wake mwenyewe, akawa anawagawia wengine chakula ambacho yeye hakili.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo mawili yahusuyo kukua kwa mtu, kama tuyaonavyo katika maisha na maandiko ya Martin Luther: kukitambua kipawa, na kujijengea desturi ndogo za kila siku. Tunayatazama pamoja, kwa kuwa kipawa kisicho na desturi hulala, na desturi isiyojua kipawa humchosha mwenye nayo.

1. Kipawa ni zawadi ya Muumba

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, hasemi juu ya mbingu na nchi kwa jumla tu. Anamfundisha kila mwamini kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye mwenyewe, akampa mwili na roho, viungo, akili na fahamu zake. Maana yake ni kwamba nguvu za asili ni mali ya Muumba kabla hazijawa sifa ya mtu. Anayekikana kipawa chake kwa jina la unyenyekevu hamheshimu Mtoaji. Na anayejivunia kipawa hicho amesahau kwamba alikipokea.

Mtume Petro anaongeza kwamba kila mmoja alipewa karama ili awahudumie wengine (1 Petro 4:10). Hapo tunapata kanuni ya kukitambua kipawa: jirani mara nyingi hukiona kabla ya mwenyewe. Mtu akijitazama peke yake, hutamani kipawa kinachosifiwa sana, nacho mara nyingi ni kile cha mimbarani. Lakini washarika hurudi kwa mtumishi wao kwa sababu wanazozijua. Watu humwendea kwa ajili gani wakiwa na shida? Ni kazi ipi ambayo, hata ikimchosha mwili, haimwachi na moyo mzito? Maswali hayo hayajibiwi na mtu mmoja. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther aliyahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao miongoni mwa njia ambazo Injili hutufikia. Ndani ya mazungumzo hayo ndugu anaweza pia kutuonyesha tulichopewa.

2. Mfano wa Luther na Melanchthon

Philipp Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518 akiwa na umri wa miaka 21, kufundisha Kiyunani. Hakuwekewa mikono kuwa mchungaji maisha yake yote. Alikuwa mtu wa mpangilio na maneno yaliyopimwa, ilhali Luther alikuwa mtu wa radi na tufani. Mwaka 1529, Luther aliandika utangulizi wa ufafanuzi wa Melanchthon juu ya Waraka kwa Wakolosai. Humo alijilinganisha na mtu anayefyeka msitu na kung'oa visiki, na kumlinganisha Filipo na mkulima anayekuja nyuma yake kwa utulivu, akilima, akipanda na kumwagilia.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilionekana wazi. Luther hakuweza kwenda Augsburg, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya Kaisari tangu mwaka 1521; alibaki katika ngome ya Coburg. Melanchthon ndiye aliyeandaa Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530. Luther aliposoma rasimu yake alipendezwa nayo, akakiri kwamba yeye asingeweza kukanyaga kwa upole namna ile. Hakumtaka Filipo awe Luther, wala hakujaribu kuwa Filipo. Laiti mmoja angaliiga kipawa cha mwenzake, huenda msitu usingalifyekwa, au shamba lingalibaki bila mbegu.

3. Jinsi desturi ndogo inavyofanya kazi

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Luther aliijua hekima ya namna hiyo. Ziara za ukaguzi wa sharika alizoshiriki mwaka 1528 zilimwonyesha kwamba watu, hata baadhi ya wachungaji, hawakuyajua mafundisho ya msingi. Dawa aliyoitoa haikuwa kitabu kikubwa peke yake. Sehemu za Katekisimu Ndogo zilitolewa kwanza katika karatasi za kubandikwa ukutani, ambapo watu wa nyumbani wangeziona kila siku.

Tukiuchunguza utaratibu wake wa sala za asubuhi na jioni, tunaona mambo matatu. Kwanza, sala imefungwa kwenye tendo ambalo mtu hulifanya kila siku: kuamka, kuketi mezani, kwenda kulala. Hahitaji kutafuta wakati mpya. Pili, sala ni fupi, kiasi kwamba hata siku ya msiba au ya safari inawezekana. Tatu, ina mwisho: asubuhi mtu huambiwa aende kazini kwa furaha, na jioni alale mara moja kwa amani. Desturi haishindani na wito wa mtu. Inamfikisha kwenye wito huo.

Katika utangulizi mrefu wa Katekisimu Kubwa, wa mwaka 1530, Luther aliwakemea wachungaji waliodhani wamekwisha kuijua katekisimu kwa kuisoma mara moja. Yeye, daktari na mhubiri, alisema kwamba kila asubuhi aliisoma neno kwa neno kama mtoto. Nasi tunaowafundisha vijana wa kipaimara kuikariri, hatuna budi kujiuliza ni lini tuliifungua mara ya mwisho kwa ajili ya nafsi zetu.

4. Je, huku si kutafuta haki kwa matendo?

Swali hili ni la haki. Septemba 1517, katika hoja zake dhidi ya theolojia ya kisomi, Luther alimpinga Aristotle aliyefundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara. Luther aligeuza mpangilio: kwanza tunafanywa wenye haki, kisha tunatenda haki. Kwa hiyo mtumishi hashiki desturi ili apokelewe na Mungu. Anaishika kwa sababu amekwisha kupokelewa. Ndiyo maana desturi yake inaweza kuwa ndogo, na akiivunja leo anaweza kuianza tena kesho bila kukata tamaa.

Mwaka 1535 Luther alimwandikia rafiki yake Peter, kinyozi wa Wittenberg, kitabu kidogo cha kumfundisha kusali. Alichukua mfano katika kazi yake Peter mwenyewe: kinyozi mwema huweka akili yote kwenye wembe na ndevu, asije akamkata mtu. Mwaka huohuo Peter alimchoma mkwewe kwa kisu mezani, akafa. Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea, naye hakuuawa bali alifukuzwa mjini. Desturi njema, hata mwalimu akiwa Luther, haimwondolei mtu hatari ya kuanguka. Rehema ndiyo inayobaki.

5. Katika utumishi wetu

Tunapendekeza kila mtumishi achague kipawa kimoja na desturi moja. Mwenye kipawa cha kusikiliza aandike jina la aliyemtembelea kabla hajaondoka uani, kisha Jumamosi jioni aombee majina hayo. Mwenye kipawa cha kuhubiri asome somo la Jumapili kwa sauti tangu Jumatatu, akilibeba juma zima. Asiye na kipawa cha hesabu amwachie mtunza hazina na wazee wa kanisa kazi hiyo, akitimiza wajibu wake wa kuisimamia.

Lakini asiwepo wa kutumia kipawa kama kimbilio. Wito humdai mchungaji kuhubiri hata kama si msemaji, na kuwatembelea wagonjwa hata kama ana haya. Palipo na kipawa, furaha humsukuma mtu; pasipo na kipawa, desturi ndogo humshika mkono. Hivyo mtumishi mwenye haya na aende kwa mgonjwa mmoja kila Alhamisi, akiwa na zaburi moja na sala fupi. Mgonjwa anangoja mtu wa kumsomea, na zaburi hiyo haitapungua nguvu kwa sababu msomaji wake hana maneno mengi.