Upatanisho wa Kisarufi na Fikra ya Mwanafunzi

Makala haya yanahusu namna ambavyo mwalimu wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kongo anaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye maarifa yenye maana, badala ya kumwacha akariri silabusi na kuirudisha ilivyo siku ya mtihani. Tumechagua somo moja tu, la upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa ndipo madhara ya kukariri yanapoonekana waziwazi.

Mwanasaikolojia Mmarekani David Ausubel, katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya saikolojia ya elimu, alishikilia kwamba lenye uzito kuliko yote katika kujifunza ni yale ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Jambo jipya lisilopata pa kushika akilini hukaririwa tu, nalo husahaulika upesi. Je, mwanafunzi wa Lubumbashi anayeingia mwaka wa kwanza anajua nini? Anajua Kiswahili. Amekisema nyumbani, sokoni na uwanjani tangu utotoni. Lakini mara nyingi saa ya kwanza ya kozi humjulisha kwamba alichokuwa nacho si lugha bali ni makosa. Basi ama hunyamaza, ama hukariri jedwali la ngeli kama mtu ajifunzaye Kilatini. Kwa vyovyote vile hafikiri.

Tuchukue sentensi ya aina isikikayo kila siku mjini humo: «Batoto yangu banatoka ku masomo.» Kiswahili sanifu husema: «Watoto wangu wanatoka shuleni.» Mwalimu wa kalamu nyekundu atasahihisha kila neno na kuendelea na kozi yake. Anayetaka fikra ataiandika ubaoni sentensi ya kwanza bila kuihukumu, kisha aulize: kiambishi «ba-» kimerudiwa wapi, na wapi hakikurudiwa? Darasa halichelewi kuona kwamba kitenzi kinaifuata nomino, ilhali kimilikishi kimebaki «yangu». Swali la pili ndilo gumu: je, usemi huu hauna kanuni, au una kanuni nyingine? Wajaribu nomino zaidi: «kitabu yangu», «bintu yangu». Mwanafunzi kutoka Bukavu huenda akapinga, maana kwao husikika «bintu byangu». Ubishi huo usizimwe kwa haraka ya kumaliza sura. Wanafunzi wanapobishana kwa mifano wameshaanza kazi ya mwanaisimu, hata kama hawajalijua jina lake.

Hapo ndipo jedwali la ngeli liletwe, wala si kabla. Sasa lina pa kushika: mwanafunzi analiona kuwa utaratibu unaodai upatanisho hata mahali ambapo usemi wake umeuacha. Pengine atauliza ni nani aliyeamua hivyo. Swali hilo ni la haki. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilisimamia usanifishaji juu ya msingi wa Kiunguja. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwa miongoni mwa nchi hizo.

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kuusifu usemi wa mtaani kunatosha. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi atakayefundisha sekondari, kutafsiri hati au kusoma fasihi ya pwani anahitaji sanifu kamili, na kumnyima kwa kisingizio cha kumheshimu ni kumpunja.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, ambao ni udhuru wa kila siku, kuna njia nyepesi. Ukumbini kila mmoja ashauriane na jirani yake kwa dakika tano, wawili hao waandike jibu moja kwenye nusu karatasi, na mwalimu asome kumi tu mbele ya wote, yakiwemo yaliyokosea kwa namna yenye kufundisha.

Lililobaki ni mtihani, maana mwanafunzi husoma kile atakachoulizwa. Swali la «Taja ngeli za Kiswahili» litaleta jedwali, na jedwali tu. Afadhali aje na sentensi tatu alizozikusanya mwenyewe mtaani, aeleze upatanisho wake, aziandike upya kwa sanifu, halafu aseme ni sentensi ya namna gani, kama ingesikika, ingeyabomoa maelezo yake. Sehemu hiyo ya mwisho haimo katika silabusi, na jirani hawezi kuinakili, kwa kuwa sentensi zake ni nyingine.