Mbwa wa Pili Atamwondolea wa Kwanza Upweke?

Ufugaji wa Mbwa Machakos: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna ya kumchagua mtoto wa mbwa, kisha namna ya kumlisha katika kaunti ambayo mvua ikikosa, hata unga wa watu huliwa kwa kupimwa. Leo tunalichukua swali linaloulizwa zaidi na wafugaji wa mijini: mbwa anayeishi peke yake atafutiwe mwenzake?

Swali hili limeletwa na maisha ya sasa. Mavoko, kuanzia Syokimau na Mlolongo hadi Athi River, imejaa nyumba zenye ua mrefu na lango la chuma. Wenye nyumba huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na hurejea giza limeingia. Anayebaki ni mbwa. Hubweka mchana kutwa, hulialia, hufukua chini ya lango, hutafuna viatu na kuangusha nguo zilizoanikwa. Majirani wakianza kulalamika, ushauri huja upesi: mletee mwenzake. Huko Mwala, Masinga au Yatta swali hili ni nadra, kwa kuwa mbwa hutoka asubuhi na wachunga mbuzi, akakutana na mbwa wa maboma mengine, na jioni akarudi kulala kizingitini. Kampani anayo tele. Kinachompungukia yeye ni mambo mengine, nasi tutayafikia.

Ushauri wa kumletea mwenzake hutolewa kwa nia njema. Tuna msemo wetu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi huamini kuwa unawafaa mbwa pia. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mwenyeji hapati nafuu. Mbwa wa kwanza hubaki na shida yake, na wa pili hujifunza kwake.

Mbwa anamlilia nani?

Mwaka 1996 David Tuber na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wameishi wawili wawili kwa miaka mingi katika vibanda vyao. Kwanza walimwondoa mmoja na kumwacha mwenzake kwenye kibanda walichozoea kwa saa kadhaa. Walipopima homoni zinazopanda mnyama anapohangaika, hawakukuta mabadiliko ya maana. Kisha wakawapeleka mbwa hao mahali pageni. Huko homoni zilipanda, hata kwa mbwa aliyekuwa na mwenziwe ubavuni. Hazikupanda pale tu mbwa alipokuwa na binadamu aliyezoea kumtunza.

Utafiti huo ulihusu mbwa wachache, na haumaanishi kwamba mbwa hawapendani. Wanapendana, hucheza pamoja, na mmoja akifa yuko anayesusia chakula kwa siku kadhaa. Lakini unatuonyesha jambo ambalo kila mfugaji makini amewahi kuliona: kwa maelfu ya miaka mbwa amekuwa akiishi na mtu, na wasiwasi unapomshika humtafuta mtu. Kwa hiyo mbwa wa Syokimau anayelialia tangu gari linapotoka hadi linaporudi, huenda anamlilia aliyeondoka na gari. Ukimletea mwenzake, utasikia sauti mbili.

Ndiyo maana kabla ya kutafuta mbwa wa pili tunapaswa kujua kinachomliza wa kwanza. Je, amefungwa mnyororo tangu asubuhi? Je, hutolewa matembezi, au tangu aletwe hajavuka lango? Je, anabweka mkiwa nyumbani pia, kwa sababu kila anayepita barabarani ni mgeni kwake? Je, ana kupe na minyoo wanaomnyima usingizi? Mengi ya haya yanatibika bila kuongeza mnyama. Nusu saa ya matembezi kabla ya kazi na nyingine jioni, mfupa mbichi wa kuguguna wakati wa kuachwa, kivuli na maji, mafunzo mafupi ya kila siku, na jamaa au kijana wa jirani wa kumtembelea adhuhuri: fanya hayo kwa mwezi mzima bila kukatiza, kisha mtazame upya. Akitulia, umejua alichokuwa akikidai. Asipotulia, muone daktari wa mifugo.

Kuna kipimo kingine kilicho chepesi. Mbwa wako anapokutana na mbwa wengine barabarani hufanya nini? Anayelegeza mwili, akatikisa mkia na kualika mchezo, yaelekea atafurahia mwenzake. Anayekakamaa, akanguruma na kusimamisha manyoya ya mgongoni, umemsikia. Mbwa asiyekutana na mbwa wengine kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili au kumi na nne za umri wake hupata shida ya kuwazoea ukubwani. Wengi wa mbwa wa nyumba zenye malango hukulia hivyo hasa, kwa kuwa huchukuliwa wadogo na kufungiwa.

Hesabu ya Machakos

Yako mambo ambayo mfugaji wa Machakos hana budi kuyapima kuliko mfugaji wa London. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichunguza maisha ya mbwa katika wilaya ya Machakos ya wakati huo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2000 na 2001, yamesomwa kote duniani na wanaopambana na kichaa cha mbwa, nasi wenyewe tunastahili kuyajua.

Walikuta kwamba wastani wa maboma 63 katika kila 100 yalifuga mbwa. Nusu ya mbwa wote walikuwa na umri usiofika mwaka mmoja. Dume aliyezaliwa angetarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4 tu, ilhali mbwa anayetunzwa vizuri hufikisha miaka kumi na zaidi. Pamoja na vifo vyote hivyo, idadi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 9 kila mwaka, kwa sababu walizaliwa wengi mno. Na kati ya mbwa waliofikisha miezi mitatu, waliochanjwa dhidi ya kichaa walikuwa asilimia 29. Ili ugonjwa huu ukatike, Shirika la Afya Duniani hutaka asilimia 70 wachanjwe.

Ziweke takwimu hizo pamoja. Mbwa walizaliwa kwa wingi, wakafa mapema, na nafasi zao zikachukuliwa na wadogo ambao chanjo haijawafikia. Mzunguko huo hulisha kichaa, na watafiti hao walikadiria kuwa kila mwaka mbwa 860 kati ya 100,000 walipatwa nacho. Miaka imepita na wilaya imekuwa kaunti, lakini mwendo wenyewe unajulikana bado: mtu huhitaji mbwa, hupewa bure na jirani mtoto wa mbwa ambaye mama yake hakuchanjwa, humlea kwa mabaki ya ugali, na akifa humtafuta mwingine. Kenya ilithibitisha mbwa wa kwanza mwenye kichaa mwaka 1912, karibu na Nairobi, na leo ina mpango wa kitaifa wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030. Mpango huo utategemea maamuzi yanayofanywa langoni kwa kila mfugaji.

Kwa hiyo mbwa wa pili haingii katika boma lako peke yake. Huingia katika hesabu hii ya kaunti. Akija akachanjwa na kuzuiwa kuzaa ovyo, ameongeza idadi ya mbwa salama. Akija bila hayo, ameongeza hatari kwa watoto wako na wa jirani, kwani mtoto hucheza na mbwa uso kwa uso, na dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, kifo ni karibu lazima. Anayeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Kuzaa nako kunahitaji kutazamwa bila haya. Jike huweza kuingia joto akiwa na miezi sita, na baada ya hapo takriban mara mbili kwa mwaka. Mimba huchukua siku 63 hivi. Mbwa hawajui undugu: kaka na dada watapandana. Aliyeleta jike ili amliwaze dume wake, bila kumpeleka jike akafungwe kizazi au dume akahasiwe, mwaka hautaisha kabla hajaanza kutafuta wa kuwapa watoto. Wale wasiopata wa kuwachukua ndio tunaowaona wakitupwa kandokando ya soko, na walio wengi ni majike.

Wafugaji wa mbuzi wana sababu nyingine ya kujihadhari. Mbwa mmoja akitoroka huzurura. Wawili wakitoroka huwinda. Kuwa pamoja huwatia ujasiri, na mbuzi wa jirani wakianza kukimbia, mchezo hugeuka kuwa uuaji. Ua usiomzuia mmoja hautawazuia wawili.

Ukiamua kumleta

Wako wanaopaswa kumleta, na sitaki kuwakatisha tamaa. Ikiwa mbwa wa kwanza amechanjwa kila mwaka, ametulia, hutii anapoitwa, hupenda mbwa wenzake, nawe una muda, ua imara na chakula cha wawili hata mwaka wa ukame, basi mbwa wa pili atayanenepesha maisha ya nyumba nzima. Ningetaka mbwa wa kwanza awe amefikisha angalau mwaka mmoja na nusu, ili mgeni ajifunze mema kwa mkubwa. Usichukue watoto wawili wa tumbo moja kwa mpigo. Wakufunzi wengi huonya dhidi ya hilo, kwa kuwa watoto hao hushikamana wao kwa wao na kumsahau mtu.

Chagua jinsia tofauti, na wote wawili wazuiwe kuzaa. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 ulichunguza mbwa waliopigana wakiishi nyumba moja. Karibu jozi nne kati ya tano zilikuwa za jinsia moja, na mara nyingi mwanzishaji alikuwa yule aliyeletwa mwisho. Usimchoshe mbwa mzee kwa kumletea mtoto asiyelala. Mzee huyo anahitaji utulivu.

Kabla mgeni hajaingia, daktari wa mifugo ampime, ampe dawa ya minyoo na kumwondolea kupe, maana kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta na banda lote likaambukizwa. Chanjo ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi za nchi hufanya kampeni za chanjo. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako.

Wakutanishe nje ya lango, mahali ambapo hakuna aliye mwenyeji. Kila mmoja ashikwe kamba na mtu wake, watembee upande mmoja kwa umbali, na umbali upunguzwe kadiri wanavyotulia. Nyumbani, kila mmoja awe na sahani yake, mahali pake pa kulala, na chakula chake mbali na mwenzake. Kwa wiki za mwanzo wasiachwe pamoja bila mtu. Na kila siku, mchukue kila mmoja peke yake kwa dakika chache, ili wote wawili wakujue wewe kabla ya kujuana.

Kwa maoni yangu uamuzi unasimama hapa: mbwa wa pili ni wa mtu ambaye tayari anamtosheleza wa kwanza. Asiyepata saa moja kwa siku kwa ajili ya mmoja hataipata kwa ajili ya wawili, na mbwa wake atanufaika zaidi na saa hiyo kuliko na mwenzake yeyote. Anayeipata, na aliye na kadi ya chanjo mkononi, aende akamtafute mgeni wake kwa moyo mweupe.

Juma lijalo, sehemu ya nne: kuhasi na kufunga kizazi, namna upasuaji unavyofanywa, na hofu zinazowazuia wafugaji kuukubali.