Hua Walitangulia

Sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina hua, mbwa na gunia la mahindi, na yote nitakayowasimulia yalitokea kweli, hapa hapa Machakos, mwaka 1981, wakati wazazi wenu wengi hawajazaliwa.

Wilaya ya Machakos ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko kaunti mnayoijua. Makueni yote ilikuwa ndani yake mpaka ilipotengwa mwaka 1992. Basi kati ya Machi na Juni mwaka huo wa 1981, hua walianza kuanguka na kufa. Wakafuata mbwa. Kisha ikawa zamu ya watu. Wagonjwa 20 walifikishwa hospitalini macho yakiwa ya manjano, wengine wamevimba tumbo na miguu. Kati yao 12 walifariki, na haikuchukua hata wiki mbili tangu walazwe.

Daktari akiona macho ya manjano huwaza ini. Yanayoharibu ini ni mengi: virusi, pombe, hata baadhi ya dawa. Lakini ni ugonjwa gani huu unaoangusha ndege, mbwa na binadamu kwa mpigo mmoja? Fikirini kidogo kabla sijawaambia. Hua hudonoa punje zilizomwagika uani. Mbwa hupewa makombo ya ugali. Mtu hula ugali wenyewe.

Naam, mahindi. Yalipimwa mahindi ya familia mbili zilizougua. Ya familia moja yalikuwa na miligramu 3.2 za sumu katika kila kilo, ya nyingine miligramu 12. Hata vipande vya ini vya waliofariki vilikutwa na sumu ile ile. Taarifa ikachapishwa mwaka 1982 katika The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, na jina la Machakos likajulikana kwa madaktari wa mbali kwa sababu ambayo hakuna mwenyeji angeitaka.

Sumu hiyo ni aflatoksini. Jirani zetu wa Tanzania huiita sumukuvu, nami nitaazima jina lao kwa sababu linasema jambo lenyewe. Hutengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, ya rangi ya kijani inayoelekea umanjano, inayoishi udongoni. Kuvu hii hupenda joto na mhindi uliodhoofishwa na kiangazi. Ukambani tuna vyote viwili.

Miligramu 12 zinaonekana kidogo, sivyo? Haya, chukueni kalamu. Sheria ya Kenya leo inaruhusu sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja za mahindi. Kwa gunia la kilo 90, hiyo haifiki hata miligramu moja. Gunia la ile familia ya pili lingekuwa na zaidi ya miligramu 1,000. Gawanyeni wenyewe, mtapata mara 1,200 ya kinachoruhusiwa.

Dunia ilikuwa imeifahamu sumu hii kwa miaka 20 hivi tu. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka chakula chao kilipochunguzwa: mashudu ya karanga kutoka Brazili, yaliyoingiliwa na kuvu. Huko nako ndege walitangulia.

Mngetegemea kwamba baada ya 1981 somo lilishaeleweka. Mwaka 2004 sumu ilirudi, safari hii kwa ukubwa ambao dunia ilikuwa haijauona mara nyingi. Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kufikia Julai na 125 wakafa. Mvua zilikuwa zimenyesha wakati wa kuvuna. Watu walivuna mahindi yakiwa na unyevu na, kwa kuogopa wezi, wakayaingiza ndani ya nyumba wanamolala badala ya kuyaacha yakauke vizuri ghalani. Siwalaumu. Ukiwa na magunia mawili ya kuwalisha watoto hadi msimu ujao, utayalaza karibu na kitanda. Mahindi ya sokoni nayo yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichotumika wakati huo.

Hayo ni mauaji ya haraka. Sumukuvu ina kazi nyingine, ya polepole, na kazi hiyo ni saratani ya ini.

Wekeni mkono wa kulia chini ya mbavu, upande huo huo wa kulia. Hapo ndipo ini lilipo. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo hupokea karibu kila kinachotoka tumboni ili likisafishe. Sumukuvu kidogo ikifika hapo, ini hufanya kazi yake ya kawaida, huibadilisha ili itoke mwilini. Bahati mbaya, katika kubadilishwa, sehemu ya sumu hiyo hugeuka kuwa kali zaidi kuliko ilivyoingia. Hunata kwenye DNA, yale maandishi ndani ya seli yanayoiambia iishi vipi na igawanyike lini. DNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Sumukuvu hunata kwenye G, na seli inapojinakili, mahali pa G huweza kuandikwa T.

Herufi moja! Lakini inategemea imeangukia wapi. Kuna jeni iitwayo p53 ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, kimoja kikichunguza wagonjwa wa Qidong, China, na kingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, vilichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Katika uvimbe mwingi wa ini walikuta kosa lile lile, G kuwa T, mahali pale pale pa p53, nafasi ya 249. Wagonjwa hao hawakuwahi kuonana, wanatenganishwa na bahari nzima, ila wote waliishi katika sehemu zenye sumukuvu nyingi chakulani. Sumu ilikuwa imeacha alama ya kidole kama mwizi asiyevaa glavu.

Sitaki mtu aende nyumbani akikataa ugali. Sahani moja ya ugali wenye sumukuvu kidogo haimpi mtu saratani. Hatari ni ile ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hasa ikikutana na mwenzake: virusi vya homa ya ini B.

Hapa nitawapa hesabu ninayoiogopa kuliko zote. Watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai, wakapima mkojo na damu zao, kisha wakasubiri miaka. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliokula sumukuvu bila kuwa na virusi walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wasio na chochote. Wenye virusi bila sumukuvu, mara 7.3. Waliokuwa na vyote viwili? Mkijumlisha mtakosa. Mkizidisha mtapata 25 hivi, na bado mtakosa. Ilikuwa mara 59.

Kinachonisumbua kuhusu ini ni ukimya wake. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa muda mrefu bila kuuma. Mtu anapoanza kukonda na kuhisi kitu kigumu ubavuni, mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa. Ukigunduliwa ungali mdogo, kwa picha ya ultrasaundi na kipimo cha damu, daktari wa upasuaji anaweza kuukata pamoja na sehemu kubwa ya ini, na ini lililobaki likakua tena. Ndiyo, hukua! Ni kiungo cha ajabu. Ila ini ambalo limejaa makovu kwa sababu ya virusi au pombe halina nguvu hiyo, na kulikata ni kumhatarisha mgonjwa.

Dawa pia zimesonga mbele. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti uliopima dawa mbili zikitolewa pamoja, atezolizumabu na bevasizumabu. Ya kwanza huiondolea kinga ya mwili breki ili ishambulie saratani. Ya pili huzuia uvimbe usijiotee mishipa mipya ya damu. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 67 katika kila 100 waliopewa dawa hizo walikuwa hai, wakilinganishwa na 55 katika 100 waliopewa sorafenibu, dawa iliyotangulia. Ni hatua, tena hatua nzuri. Lakini walioingizwa katika utafiti huo walikuwa watu ambao ini lao bado lilifanya kazi vizuri. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwatazama wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Uganda na Ethiopia: nusu yao walikuwa na miaka 46 au chini ya hapo, na nusu walifariki ndani ya miezi 2.5 tangu wagunduliwe. Dawa ya bei kubwa inayomkuta mgonjwa amechelewa hivyo haina mengi ya kufanya.

Ndiyo maana nikiulizwa ni wapi Machakos vita vikubwa dhidi ya saratani ya ini vinapiganwa, sianzii wodini. Naanzia kwenye kliniki ya watoto. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya sindano ambayo watoto wa Kenya hudungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyinyi mlishadungwa, mkalia, mkasahau. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu.

Kutoka kliniki naenda Katumani, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Wote. Wakulima wanaijua kwa mahindi yake yanayowahi kukomaa kabla mvua haijakata. Siku hizi kituo hicho cha utafiti wa kilimo kinatengeneza pia Aflasafe, na jinsi inavyofanya kazi inanifurahisha kila ninapoieleza. Si wote wa jamii ya Aspergillus flavus wanaotoa sumu. Watafiti waliwatafuta wasiotoa, wakapata wa aina nne wa hapa hapa Kenya, wakawapaka kwenye punje za mtama uliokaangwa usiweze kuota, ukatiwa rangi ya buluu. Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari moja, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu wasio na sumu huenea shambani kwanza, na wenye sumu wakija wanakuta nafasi zimekwisha.

Huko Qidong, mahali pa ile alama ya kidole, watu walianza miaka ya 1980 kuacha mahindi na kula wali. Vifo vya saratani ya ini kwa walio chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu, tena kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo kuenezwa kwa watoto wote. Sisi hatutaacha mahindi. Mtu wa Ukambani aache isyo na muthokoi? Na kuhusu muthokoi, ambao hupikwa kwa mahindi yaliyokobolewa, kuna habari njema: watafiti wa hapa Kenya walipima mwaka 2008 wakaona kuwa kukoboa mahindi kunaondoa, kwa wastani, karibu nusu ya sumukuvu, ingawa mara nyingine ni kidogo sana. Bibi zenu walikuwa wakitwanga kwa faida wasiyoijua. Ila sumu haikuyeyuka, imehamia kwenye pumba. Msiwape kuku, wala ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe aliyekula sumukuvu huitoa kwenye maziwa.

Mmoja wenu tayari ameinua mkono kuuliza: si tunachemsha? Maji huchemka kwa nyuzi 100. Sumukuvu inavumilia zaidi ya nyuzi 200. Githeri ichemke asubuhi hadi jioni, sumu nyingi itabaki sufuriani.

Kinachozuia ni kukausha, kwenye turubai, si kwenye udongo, na kutupa punje zilizooza badala ya kuzichanganya na nzima. Wengi hujaribu ukavu kwa kuuma punje. Ipo njia bora. Tafuteni chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tieni mahindi mpaka theluthi moja, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funikeni, tikiseni kwa dakika moja, muiache ikae dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na lazima yarudi juani. Ikianguka chini bila kunata, yanaweza kutiwa guniani. Jaribio hili linapima unyevu tu. Sumu iliyokwisha kuingia hupimwa maabara.

Chupa ninayo. Mahindi yako pale nje kwenye turubai. Nani ataleta chumvi?