Homa ya Siku Tano na Moyo wa Mtoto

Mtu wa Pwani akihamia Kisumu huambiwa mapema: huku homa ni malaria. Nami niliambiwa hivyo, na si uongo. Kandokando ya Ziwa Victoria malaria ni kali, na kumuwahisha mtoto kupimwa ni busara. Tatizo ni pale kipimo kinaposema hakuna malaria, homa bado inawaka, nasi tunarudia dawa zilezile. Mazoea hayo yaweza kumgharimu mtoto moyo wake.

Kuziba kwa mishipa inayolisha moyo tunakujua kuwa ni maradhi ya wazee, ya sukari, mafuta na sigara. Lakini watoto nao huyapata, kwa njia nyingine. Mwaka 1967 daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliandika kuhusu maradhi ya watoto ambayo leo yanaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Mishipa ya damu huvimba, na ile ya moyo hutanuka kama puto. Damu huganda humo, kisha mshipa hubana au kuziba.

Dalili zake ni homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongo, midomo mikavu iliyopasuka na ulimi mwekundu, vipele mwilini, viganja na nyayo kuvimba, na tezi za shingo kufura. Baadaye ngozi ya ncha za vidole hubambuka. Kwa ngozi zetu nyeusi vipele huonekana kwa shida, basi tuangalie midomo na macho.

Asipotibiwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa ya moyo. Akipewa dripu ya kingamwili ndani ya siku kumi tangu homa ianze, huwa kama wanne tu kati ya mia. Dawa hiyo ni ghali. Aspirini nayo hutumika, lakini kwa amri ya daktari tu, si kwa kubahatisha nyumbani.

Na aliyechelewa? Wachache hufikia upasuaji wa baipasi, yaani kuipitishia damu njia mpya. Japani iliwafuatilia watoto na vijana 114 waliopasuliwa: baada ya miaka 25, takriban 95 kati ya mia walikuwa hai. Siri mojawapo ni mshipa uliotumika. Ateri ya ndani ya kifua hukua pamoja na mtoto. Baada ya miaka 20, 87 kati ya mia zilikuwa bado wazi, ilhali vena za mguuni zilikuwa 44 tu. Kwa hiyo upasuaji si hukumu ya kifo, ila ni safari ndefu, na wengine hurudi kutibiwa tena.

Tusichanganye mambo: watoto wengi wa moyo katika nchi zetu wana valvu zilizoharibiwa na homa inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, au wamezaliwa na tundu moyoni. Upasuaji wao ni mwingine. Mwulizeni daktari: ni valvu, ni tundu, au ni mshipa?

Ndugu zangu, malaria ikikosekana na homa ikafika siku ya tano, mpelekeni mtoto hospitali kubwa. Hapa Kisumu ipo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia. Mwambieni daktari homa ilianza siku gani, maana siku kumi hizo zinahesabika.