Heroe Mdogo na Uchujaji wa Chakula katika Maziwa ya Magadi ya Bonde la Ufa

Katika maandishi mengi ya uhifadhi, heroe huhesabiwa zaidi ya wanavyoelezwa. Wakiwa wengi, ziwa husemwa kuwa lina afya. Wakitoweka, husemwa kuwa linaugua. Makala haya yanashikilia kuwa hesabu hiyo haitoshi. Heroe mdogo (Phoeniconaias minor) hula kwa kuchuja, na uhusiano wake na ziwa hutegemea jambo ambalo hesabu ya ndege haipimi, yaani kiasi cha chakula kilichomo katika kila lita ya maji.

Maji ya Nakuru, Bogoria na Natron yana magadi mengi, na pH yake hukaribia 10 au kuizidi. Spishi zinayoyastahimili ni chache, lakini huzaana kwa wingi mno. Mojawapo ni sianobakteria iitwayo Arthrospira fusiformis, inayoyapa maji ukijani mzito, nayo ndiyo chakula kikuu cha heroe mdogo. Ndege huyu huinamisha kichwa hadi mdomo ukageuka juu chini, kisha ulimi wake hufanya kazi ya pampu: hurudi nyuma kuvuta maji na kusonga mbele kuyasukuma nje, mara nyingi kwa sekunde. Penelope Jenkin, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1957, alieleza jinsi safu za vibamba vyembamba ndani ya mdomo zinavyonasa chakula na kuacha maji yapite. Vibamba vya heroe mkubwa vimeachana zaidi, naye hula mabuu ya wadudu na krasteshia wadogo. Ndiyo maana ndege hawa wawili husimama ufukoni pamoja pasipo kunyang'anyana.

Ukubwa wa kazi hii ulidhihirishwa na Ekkehard Vareschi huko Nakuru katika miaka ya 1970. Tukichukua makadirio ya chini kwamba heroe mmoja hula gramu 60 za chakula, kwa uzani mkavu, kila siku, ndege milioni moja huondoa tani 60. Kwa hesabu za Vareschi, mlo wa kundi la ukubwa huo ulifikia nusu ya uzalishaji wa mwani wa siku nzima, na wakati mwingine zaidi. Ziwa halikufilisika, kwanza kwa kuwa akiba ya mwani majini ilizidi mno mlo wa siku, na pili kwa kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi iliyoliwa hurudi humo humo kama kinyesi. Mwari wa ziwa hilo hilo hutenda kinyume. Samaki Alcolapia grahami waliletwa Nakuru kutoka Magadi ili kupunguza mbu. Mwari wakaja kuwavua na kuwapeleka kwa makinda yao Elmenteita, na rutuba ikahama pamoja nao. Kwa hiyo wingi wa ndege, peke yake, hautuelezi kama ziwa linalishwa au linanyonywa.

Udhaifu wa heroe mdogo umo katika chujio lenyewe. Nafasi kati ya vibamba haibadiliki kufuata chakula kilichopo. Mwani ukipungua kwa nusu, ndege hulazimika kuchuja maji maradufu ili apate mlo ule ule, na saa za siku haziongezeki. Tena, Arthrospira ikipokewa na mwani mdogo zaidi, kama ilivyotokea Nakuru mwaka 1974, sehemu kubwa ya chakula hupenya chujio na kurudi ziwani.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa haya yamekuwa yakijaa. Utafiti wa picha za setilaiti kuhusu maziwa 22 ya Afrika Mashariki, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa eneo la Nakuru lilikaribia kuongezeka maradufu huku klorofili yake ikishuka kwa takriban nusu. Mtazamaji wa ufukoni huona ziwa limeneemeka. Kwa heroe, ni supu iliyotiwa maji.

Ndege anaweza kuruka kutafuta ziwa jingine la kulishia, na hufanya hivyo, aghalabu usiku. Mahali pa kuzalia hana uchaguzi huo. Natron, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2001, ndiyo mazalio pekee ya kutegemewa ya heroe mdogo katika Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo, kila hesabu ya heroe inapaswa kuambatana na kipimo cha klorofili na cha chumvi kilichochukuliwa siku hiyo hiyo, katika Natron na katika maziwa wanakolishia pia.