"Dokta, mwanangu unamchezea kamari?"

Kijana wetu daktari aliisoma karatasi yake bila kukwama. Alipofika kwenye maneno "mtoto wako atapangwa kwa bahati nasibu", mama muuza vitenge aliyekaa mbele yake akadakia: "Dokta, mwanangu unamchezea kamari?"

Lilikuwa zoezi tu, mgonjwa hakuwapo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mabanda, si mganga. Lakini daktari mmoja mzoefu anayewalea watafiti chipukizi huniita niwasaidie maneno, wanapojifunza kuwaeleza akina mama majaribio ya tiba. Mama huyo, ambaye huvuka Mugina kwenda Manyovu kibiashara, alikubali kuwa msikilizaji.

Kijana akajitetea kwamba madaktari watamchagulia mtoto tiba iliyo bora. Mzee wetu akamkatiza: "Hapo umemdanganya. Kama iliyo bora tunaijua, jaribio la nini?"

Kisha akamsimulia FEAST, jaribio lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu aongezwe haraka maji mengi ya dripu. Waliingizwa watoto 3,141 (wanaoharisha hawakuwamo, hao maji ni uhai wao). Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji hayo ya haraka, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, walifariki kama 7. Jaribio lilikuwa limesimamishwa kabla ya kukamilika.

Kijana alinyamaza kitambo. Akaiweka karatasi kando.

"Mama, ziko njia mbili za kumtibu, na hatujui ipi inaokoa zaidi. Kompyuta ndiyo itakayopanga, si mimi wala wewe. Ukikataa, mwanao atatibiwa vilevile."

"Sasa umesema," mama akajibu. Hata hivyo, dole gumba hakutia. Sikumlaumu. Nilisomea kambini, ng'ambo ya mpaka, na huko niliwaona wazee wakitia dole kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma.

Alikuwa na swali jingine. "Na siku ya kumrudisha mtoto apimwe ikiangukia siku yangu ya Manyovu, mtaandika kwamba nimetoroka?"

Karatasini hapakuwa na jibu. Kijana akatoa kalamu, akaanza kumuuliza siku zake za soko.